Ushauri: Nimekabidhiwa maktaba ya shule, je, nikasome uzamili?

Bi Mkubwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, nina miaka 34, mama wa watoto wawili. Kwetu ni Kiswere, na shule ninayofundisha ni sekondari ya kata, mwambao huuhuu wa Kilwa. Miaka michache iliyopita mkuu wa shule alinikabidhi ufunguo wa chumba cha maktaba kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mimi ndiye napenda kusoma. Ndani nilikuta vitabu vya kiada, maboksi ya vitabu vya msaada vya Kiingereza ambavyo hakuna mwanafunzi aliyevigusa, na mchwa. Nimefagia, nimepanga, nimefungua daftari la kuazimisha. Yote nimeyafanya kwa kubahatisha, maana sijasomea.

Sasa natamani kwenda kusoma shahada ya uzamili ya ukutubi. Mume wangu hapingi, ila anauliza: watoto utawaacha na nani, na ukirudi mshahara utapanda? Mwalimu mwenzangu ananicheka. Anasema ukutubi umeshakufa, kila kitu kipo kwenye simu, akili mnemba inajibu kabla hujamaliza kuuliza, na hata huko Marekani vyuo vya ukutubi vinafungwa. Baba yangu mdogo anataka nisome uongozi wa elimu, nije niwe afisa elimu.

Kuna jambo jingine. Mzee mmoja wa hapa, aliposikia nashughulika na vitabu, aliniita akanionyesha kasha la marehemu babu yake. Mna madaftari na karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maalimu wa madrasa aliponisomea, kumbe sehemu kubwa ni Kiswahili. Karatasi zinamomonyoka. Mzee anataka nilichukue kasha nikaliweke shuleni. Nimeogopa. Nifanye nini? Na je, uzamili utanisaidia kwa mambo kama haya, au nitapoteza miaka miwili bure?

Mwalimu wa maktaba, Kiswere

Mwanangu,

Kasome. Lakini usihame Kiswere ili usome, usijaze fomu ya chuo kabla mwajiri wako hajakujibu kwa maandishi, na kasha la mzee usilichukue.

Nianze na kasha, maana lina haraka kuliko chuo. Chumba ambacho umekuta mchwa si mahali pa kupeleka karatasi zilizodumu vizazi vitatu ndani ya nyumba ya mtu. Tena karatasi hizo zina wenyewe. Mzee ana ndugu, ana mashangazi, ana binamu ambao huenda wako Lindi au Dar es Salaam, na siku atakapofumba macho wataulizana kasha la babu limekwenda wapi. Omba kikao kifupi cha ukoo, awepo imamu au mwenyekiti wa kijiji, muandike karatasi moja: kasha ni la ukoo fulani, linakaa kwa fulani, mwalimu ameruhusiwa kusoma na kupiga picha, hakuna cha kuuzwa wala kutolewa nje, na picha zitaonyeshwa kwa nani na kwa nani haziruhusiwi. Wote watie sahihi. Mna dua na dawa humo, na pengine mna siri za watu. Ukoo una haki ya kusema ukurasa huu usitoke.

Baada ya hapo piga picha. Simu yako inatosha. Fanya asubuhi, barazani au karibu na mlango, penye mwanga mzuri lakini jua lisipige karatasi. Zima flashi. Weka rula pembeni ya kila ukurasa ili atakayeitazama picha ajue ukubwa wa kitu. Anza na jalada, kisha ukurasa kwa ukurasa kwa mpangilio uleule ulioukuta, hata ukurasa mtupu. Ukikuta karatasi imechomekwa katikati ya daftari, piga picha ikiwa palepale kabla hujaitoa, kwa sababu mahali ilipochomekwa ni habari pia. Usibandike selotepu palipochanika, usipeleke chochote kwenye laminesheni, usipulizie dawa ya mende. Nunua kitambaa cha marekani, kifue mpaka wanga wote utoke, kianike, ndipo uyafungie madaftari humo. Kasha liinuliwe lisiguse saruji wala ukuta. Hewa ya ghuba yenu ina chumvi na unyevu, na karatasi huvinyonya vyote viwili. Picha zihifadhi mahali pawili palipoachana, moja ibaki kwa mwenye kasha.

Sasa kaa chini uandike orodha ya kilichomo, na hapo ndipo swali lako la uzamili litaanza kujijibu. Madaftari ya aina hii, mwambao mzima, huchanganya mambo. Ukurasa mmoja una dua, unaofuata una dawa ya tumbo, kisha hesabu ya nyota za kusafiria, kisha deni la mtu wa Kilwa Kivinje, kisha beti za utenzi, kisha tarehe aliyozaliwa mtoto. Ukienda na daftari hilo kwenye Mfumo wa Desimali wa Dewey, ambao ndio maktaba nyingi za nchi hii hutumia, utaona dini zote zimepewa mia moja kuanzia 200. Ukristo umechukua sehemu kubwa, kuanzia 220 mpaka 280 na ushei. Uislamu umewekwa 297. Fasihi ya Kiswahili iko mbali kabisa, 896.392. Tiba iko 610. Daftari la babu wa mzee litakaa rafu gani?

Aliyefundishwa kazi vizuri katika ngazi ya cheti atalipa namba moja, atalibandika lebo, ataendelea na kitabu kinachofuata, na atakuwa ametimiza wajibu wake. Aliyesoma uzamili tunamdai zaidi. Tunamdai aulize rafu yenyewe ilichongwa na nani na kwa vitabu vya nani. Tunamdai aandike maelezo ambayo mtafiti wa miti shamba, msomaji wa tenzi na mjukuu anayetafuta mwaka aliozaliwa bibi yake, wote watatu, wafike kila mmoja kwenye ukurasa wake. Kazi hiyo haifanyiki kwa kubahatisha. Inataka ujue uainishaji, historia ya maandishi, haki za wenye mali, mifumo ya kompyuta ya kuhifadhi, na utafiti. Hayo ndiyo masomo ya uzamili, yakifundishwa inavyopasa.

Wewe ni mwalimu wa Historia, basi nikukumbushe mambo ya mkoani kwako. Tarikh ya Kilwa, ile inayowataja masultani wa Kilwa Kisiwani tangu mwanzo, unaisoma leo kwa sababu ya njia mbili tu: muhtasari wa Kireno alioutia João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Unguja karne ya 19, ikapita mikononi mwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, ikaishia London. Iko huko mpaka sasa. Kilwa yenyewe, ambayo magofu yake na ya Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, haina nakala yake ya kale. Lindi nako, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa Vita vya Majimaji, vita vilivyoanzia milima ya Matumbi mwaka 1905, hapohapo wilayani Kilwa. Utenzi huo tunao mkononi kwa kuwa mtu aliuhifadhi, na ukachapishwa mwaka 1957. Tenzi ngapi hazikupata mtu wa kuzihifadhi?

Tena wapo waliokwisha kutuonyesha njia. Mwaka 1968 na 1969 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini, wakakaa na wazee waliokuwa wanaikumbuka Majimaji, wakaandika walichoambiwa. Wale walikuwa vijana wa shahada ya kwanza wa Historia. Wazee wale wote wameshatangulia mbele ya haki. Maneno yao yapo kwa sababu ya safari zile. Lamu, nyaraka za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, mpango ulioanza mwaka 2004, na sharti lake kubwa ni kwamba nyaraka asili zisitoke nchini. Riyadha imebaki na vitabu vyake, na msomaji wa popote anaviona. Kasha la Kiswere linaweza kufuata njia hiyohiyo, ila lazima awepo mtu wa karibu anayejua kuandika ombi, kueleza kilichomo, na kusimamia kazi. Mtu huyo nakuona wewe.

Nije kwa mwenzako anayekucheka. Hajakosea kila kitu. Ni kweli chuo cha kwanza cha ukutubi Marekani, alichokifungua Melvil Dewey Columbia mwaka 1887, kilifungwa mwaka 1992. Ni kweli vyuo vingi vimebadili jina na kuhamia upande wa kompyuta. Hata Makerere, shule ya ukutubi iliyoanzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima leo imo ndani ya koleji ya kompyuta na sayansi za habari. Kazi ya kumtafutia msomaji kitabu kinachopatikana kila mahali inapungua thamani, na shahada iliyojengwa juu ya kazi hiyo peke yake haina siku nyingi. Hilo nakubaliana naye moja kwa moja.

Lakini mwambie afanye jaribio. Aiulize hiyo akili mnemba, kwa Kiswahili, kuhusu majina ya mikondo ya ghuba ya Kiswere, au mashamba ya minazi yalivyogawanywa, au nani alifundisha darsa kijijini enzi za Wajerumani. Itajibu, maana imetengenezwa ijibu. Kisha aende akamuulize mzee mwenye kasha. Mashine hula kilichokusanywa, kikaandikwa, kikaelezwa. Ya mwambao wa kusini hayajakusanywa, na mengi yaliyokusanywa yako kwa lugha za watu wengine. Kadiri watu wanavyozidi kuiuliza mashine, ndivyo anavyozidi kuhitajika mtu wa kuamua kipi kiingie, kwa idhini ya nani, na kwa jina la nani.

Na hiyo intaneti yenyewe, anaikumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kiliupiga mwambao wenu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika upande wa Kilwa, magari yakalala njiani. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Wiki zile, shule yenye kompyuta moja iliyowekwa Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia nzima bila mtandao, ingeendelea kusoma kama kawaida. Hilo unaweza kulifanya shuleni kwako hata kabla ya kugusa uzamili: programu ni ya bure, na mtu akiwa Lindi au Dar es Salaam anaweza kukupakulia ukaibeba kwenye diski.

Sasa nikueleze kwa nini nina uchungu na jambo hili, halafu tuje kwenye fomu.

Nchi hii iliwahi kuamini maktaba kwa moyo wote. Sheria ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kampeni za kisomo za miaka ya 1970 zilipowafundisha watu wazima kusoma, zikafuatwa na maktaba za vijiji, kabati la vitabu kijijini na mtu wa kulitunza. Lakini wakutubi wenyewe tulikuwa tunawaagiza: kwanza kutoka Uingereza, halafu tukawapeleka wetu Makerere. Uganda ilipoingia katika misukosuko na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, njia hiyo ikawa ngumu. Chuo chetu cha ukutubi na uhifadhi nyaraka Bagamoyo kikaja mwaka 1989, cha cheti na stashahada. Uzamili wa masomo ya habari ukaanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1997. Hesabu miaka hiyo, utaona maktaba za vijiji zilikuwa zimeshachoka kabla hatujawa na mahali petu pa kumfunza mtu wa kuziwazia. Kabati zilipewa mtunzaji na hazikupewa mtafiti wa kuuliza watu wa Kilwa wanataka kusoma nini, kwa maandishi gani, na wana nini chao cha kuongeza kabatini.

Ndiyo maana hunisumbua ninapoona tasnifu za uzamili zinazofanana kama chapati za kopo moja: dodoso kwa wanafunzi wa chuo fulani, je, wanatumia majarida ya mtandaoni, asilimia kadhaa hawatumii, mapendekezo mafunzo yaongezwe. Imeandikwa kwa Kiingereza, imefungwa, imewekwa rafuni, na mwanakijiji hajafaidika na neno. Mwanafunzi hana lawama peke yake. Msimamizi wake naye alisoma hivyohivyo. Lakini kama uzamili wa ukutubi una kesho hapa kwetu, kesho hiyo iko kwa wanafunzi wanaofika chuoni wakiwa na swali walilotoka nalo nyumbani. Wewe unalo tayari, limefungiwa kwenye kasha. Mwalimu mwenye Kiswahili na Historia, anayeishi na wenye nyaraka, ni mwanafunzi wa uzamili ambaye chuo chochote chenye akili kingemgombania. Masomo haya ya uzamili kwa kawaida hupokea wahitimu wa fani mbalimbali, hivyo usiogope kwamba hukusomea ukutubi katika shahada ya kwanza. Na matokeo yako ya shahada hiyo ndiyo yatakayoangaliwa kwanza.

Haya, njia. Una watoto wadogo na una kituo cha kazi, kwa hiyo ningekuelekeza kwanza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kina vituo mikoani, Lindi kikiwemo, na kina masomo ya ukutubi na usimamizi wa habari. Utasoma ukiwa Kiswere, utakwenda Lindi kwa mitihani na kuonana na wahusika. Ubaya wake nao nikuambie: utasoma peke yako usiku baada ya kusahihisha madaftari, na wengi huanza vizuri wakaishia kwenye tasnifu. Ubaya huo kwako ni mdogo, maana eneo lako la utafiti ni mlango wa jirani. Dar es Salaam au kwingineko kwa kukaa bweni, weka kama njia ya pili, ukipata ufadhili kamili na mtu wa kuaminika wa kukaa na watoto.

Kabla ya hapo nenda ukajizoeze kwa mikono. Likizo moja omba ukakae wiki mbili kwenye maktaba ya umma ya Lindi au Mtwara, uone wanavyoainisha, wanavyotumia kompyuta, wanavyoshona kitabu kilichoachia. Waulize Bagamoyo kama wana kozi fupi wakati huo. Jifunze Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa ambayo vyuo vingi vyetu vinaitumia. Utaiweka hata kwenye kompyuta moja ya shule. Na jifunze kusoma herufi za Kiarabu. Hili ningelitilia mkazo kuliko yote. Maalimu wa madrasa amekusaidia, Mungu amlipe, lakini mtafiti anayesomewa na mwingine atabaki kuona alichochagua kusomewa. Mwombe akufundishe jioni, wewe umsaidie na kompyuta.

Swali la mume wako ni la haki na lijibiwe bila kuficha. Usitegemee mshahara upande kwa sababu ya uzamili. Mwalimu anayesoma fani nyingine anaweza kubaki katika kada ya ualimu na cheti chake kikakaa kwenye faili, au anaweza kuomba kubadilishiwa kada awe mkutubi. Kubadili kada kuna gharama zake: cheo utakachoanzia, hesabu ya kupanda daraja, na nafasi yenyewe kuwepo kwenye ikama. Shule nyingi za kata hazina nafasi ya mkutubi wa kuajiriwa, ndiyo maana mwalimu hupewa ufunguo. Ukitaka kuwa mkutubi kwa ajira, tazama vyuo, taasisi za utafiti, mahakama, Bodi ya Huduma za Maktaba yenyewe, na ujue utahama. Mikopo ya serikali nayo kwa sehemu kubwa inakwenda kwa shahada ya kwanza. Kaeni usiku mmoja na mume wako, andikeni ada, nauli za Lindi, bando la intaneti, na mtu wa kusaidia nyumbani siku za mitihani. Kama hesabu haifiki, ahirisha mwaka mmoja ukiendelea na kasha. Hilo si kushindwa. Kukopa kwa riba kubwa ili usome shahada isiyoongeza mshahara, hapo ningekukataza kabisa.

Baba yako mdogo ana nia njema na mpe heshima yake. Mwambie kwamba hata afisa elimu hutegemea kumbukumbu. Mwambie pia, maana huenda hili likamgusa zaidi, kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na masjala ya ardhi, na vijiji vya Kilwa vilivyotenga misitu yao ya mipingo vina mipango, ramani na mihtasari ya mikutano ambayo siku ya mgogoro ndiyo itakayosema mpaka uko wapi. Kijiji ambacho karatasi hizo zimeliwa na mchwa kitabaki na mashahidi wa mdomo mbele ya baraza. Mtu mwenye uzamili wa habari na nyaraka, anayekaa kijijini na kuaminika, atafaa kwa hilo kabla hajafaa kwa jingine lolote. Akikusikiliza, mwombe awe mmoja wa watakaokaa kwenye kikao cha ukoo wa mzee. Mtu mzima akiwepo, wenye kasha watatulia.

Kwenye ombi la chuo utatakiwa kueleza utafiti unaokusudia. Usiandike kuhusu changamoto za maktaba za shule nchini Tanzania, zimeandikwa. Andika kuhusu nyaraka za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizomo majumbani mwambao wa Kiswere: zipo za aina gani, zinatunzwaje, wenyewe wanataka zifanyiwe nini, na zielezwe vipi ili zipatikane. Taja kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambao orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, na kwamba mkusanyo wa Kiarabu wa Nyaraka za Zanzibar uliingizwa katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Uliza miswada ya kusini iko wapi humo. Msimamizi atakayechangamkia swali hilo ndiye wako; asiyechangamka, tafuta mwingine kabla hujalipa ada. Na mapema kabisa muulize kama utaruhusiwa kuambatisha muhtasari mrefu wa Kiswahili, wa kusomwa Kiswere barazani.

Barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ipitie kwa mkuu wa shule na afisa elimu sekondari. Iombe mambo mawili: uingizwe kwenye mpango wa mafunzo, na ujibiwe kwa maandishi kuhusu kada yako utakapomaliza. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na makisio huandaliwa miezi mingi nyuma, kwa hiyo barua iwe imefika kabla ya Desemba. Ambatisha ukurasa mmoja tu wa orodha ya kasha, kwa idhini ya ukoo, ili anayesoma aone kazi ambayo umeshaianza. Nakala yako igongwe mhuri wa masjala, uitunze.